Ng'ombe Huokolewa na Kisicho Ng'ombe

Boma letu la Kimasai, huko Simanjiro kaskazini mwa Tanzania, lilikuwa na mfugaji mmoja na mfanyabiashara mmoja, lakini watu walimjua mfugaji peke yake. Mfugaji alikuwa baba. Mfanyabiashara alikuwa yeyo, mama yangu. Alfajiri alikamua, akatenga maziwa ya watoto na ya chai, na yaliyobaki akayatia kibuyuni kwenda kuwauzia walimu wa shule. Alinunua sukari na majani ya chai kwa jumla, akawapimia majirani kwa kikombe na kijiko. Jioni alitunga shanga. Siku za mnada aliketi chini ya mgunga na kopo lake la ugoro, na wazee waliotoka kuuza ng'ombe walipita kwake kabla ya kurudi nyumbani. Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla semina yoyote haijafika kijijini kutufundisha ujasiriamali. Na bado mgeni akiuliza boma lile linaishi kwa nini, sote, yeyo akiwemo, tungejibu bila kusita: kwa ng'ombe.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu ya ukweli. Nimekua, nimesomeshwa, nimekuwa mwalimu, nimefuga, nimeona ukame ukija na kuondoka na mali za watu. Yote hayo yamenifundisha jambo ambalo ningependa kila kijana wa jamii za wafugaji alijue mapema: katika nchi kavu, ng'ombe huokolewa na kisicho ng'ombe. Anayetafuta kipato cha pili hajauacha ufugaji. Mara nyingi yeye ndiye atakayebaki na mifugo wakati wenzake wameishiwa. Lakini si kila kipato cha pili kinaokoa, na hapo ndipo wengi tumeumia.

Tuanze na mnada, maana huko ndiko mali ya mfugaji inakopotelea. Mfugaji wa kwetu hauzi ng'ombe kwa kuwa bei ni nzuri. Anauza kwa kuwa mahindi yameisha, mtoto anaumwa au ada inadaiwa. Shida hizo hukutana katika miezi ile ile ya mwisho wa kiangazi, Septemba hadi Novemba, majani yakiwa yamekwisha, wanyama wamekonda, na kila mwenye boma amefika mnada wa Terrat au Meserani na ng'ombe wake siku moja na wenzake. Dalali anayajua haya yote. Anamzunguka mnyama, anamshika nundu, anataja bei, kisha anaondoka polepole kwa sababu anajua ataitwa. Wakati huo huo gunia la mahindi limepanda bei, kwa kuwa mvua iliyoyanyima majani imeyanyima na mashamba. Anachouza mfugaji kimeshuka, anachonunua kimepanda, na yeye yuko katikati na watoto wenye njaa.

Ng'ombe aliyeuzwa kwa bei hiyo harudi upesi. Mtamba wa asili wa kwetu huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 3 au 4. Mimba yake ni ya miezi 9, na katika nyika kavu hazai kila mwaka. Kumuuza mtamba mwezi wa njaa ni kuwauza pamoja naye ndama wake, na wajukuu, na maziwa ambayo watoto wangekunywa miaka 10 mbele. Hapo ndipo vijiko vya sukari vya yeyo vilipokuwa na kazi. Kila debe la mahindi alilolinunua kwa hela ya sukari lilimwongezea mtamba majuma kadhaa zizini. Mvua ikiwahi kunyesha kabla mtamba hajapelekwa mnadani, yeyo alikuwa ameokoa ukoo mzima wa ng'ombe. Hakuna aliyemshukuru, kwa sababu mtu hashukuriwi kwa mnyama ambaye hakuuzwa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya mtafiti wa Kimarekani J. Terrence McCabe na wenzake, waliofuatilia kwa miaka mingi maisha ya Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2010 waliandika kwamba Wamasai wengi walianza kulima ili waendelee kuwa wafugaji. Niliposoma maneno hayo nililiona boma letu waziwazi. Watu wa mjini hudhani Mmasai akishika jembe amekata tamaa na ng'ombe. Sivyo. Analima ili asiuze ng'ombe.

Baba naye alishika jembe. Katika miaka ya 1980 mashamba makubwa ya maharage yalifunguliwa Lolkisale na sehemu za Simanjiro, wenyewe wakiwa watu na kampuni kutoka nje ya jamii yetu. Wazee walitazama trekta zikipita juu ya malisho na wakapata fundisho ambalo hakuna aliyewatangazia: serikali na wageni wakiona nyasi hawaoni mwenye mali, wakiona shamba wanaona mwenye mali. "Ero," baba aliniambia nikiwa kijana mdogo, "ardhi isiyo na jembe, watu wanasema ni ya porini." Akakodi trekta iliyotoka Arusha, akalimisha ekari chache za mahindi na maharage. Miaka ya mvua nzuri shamba lilitulisha hadi karibu na masika yaliyofuata, na mnadani tulipeleka fahali wazee tu. Baba akajiona ana nguzo mbili. Majirani wakamfuata, na mimi, niliyekuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi katika wilaya ya jirani, niliamini kwamba boma letu limepona.

Kisha ukaja ukame wa 2008 na 2009. Vuli ya 2008 haikufika. Masika ya 2009 yalinyesha kidogo, majani yakachipua, yakaungua kabla ng'ombe hawajayashiba. Mahindi ya baba yalikauka yakiwa kimo cha goti, na juma lile lile lambo la kijiji likabaki tope. Kutoka Longido na Monduli, na hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wafugaji walishuka kwetu na mifugo wakidhani Simanjiro kuna nafuu. Wa kwetu nao wakaenda Kiteto na Kilindi, vijana wakaweka ronjo, yaani kambi za muda za mifugo, mbali na nyumbani. Waliobaki bomani waliamka kila asubuhi na kazi ya kuinua ng'ombe: mmoja anashika mkia, wawili wanaingiza mikono chini ya tumbo, mnyama anasimamishwa, anatetemeka, anapiga hatua chache. Siku inafika hainuki tena. Mvua ilipokuja, ilikuja na baridi, na baadhi ya ng'ombe waliokuwa wamevumilia mwaka mzima walikufa usiku wa mvua ya kwanza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi niliiona akiba ya mzee wangu ikioza juani, na ngozi hazina mnunuzi.

Ukame ule ndio ulionifundisha kutofautisha kipato cha pili kimoja na kingine. Shamba la baba lilikuwa kazi nyingine, lakini lilikuwa chini ya wingu lile lile. Ukosefu wa mvua ulioua ng'ombe ndio ulioua mahindi. Hata biashara ya maziwa, ambayo kina mama wa Terrat na vijiji vya jirani walikuwa wameipanua vizuri baada ya mwaka 2000, ilisimama, kwa kuwa ng'ombe mwenye njaa hatoi maziwa ya ndama wake, achilia mbali ya kuuza. Na sukari ya yeyo ikakosa wanunuzi, maana wateja wake wote walikuwa wafugaji waliofilisika pamoja nasi. Tulikuwa na kazi nyingi, na zote zilianguka msimu mmoja.

Nikaanza kuangalia maboma yaliyosimama. Hayakuwa ya watu wenye ng'ombe wengi zaidi. Baadhi ya matajiri wakubwa wa kata yetu walimaliza mwaka wakiwa na wanyama wa kuhesabika kwa vidole. Yaliyosimama yalikuwa maboma yenye mtu anayepata hela mahali ambako mvua ya Simanjiro haina amri. Boma moja lilikuwa na vijana wawili walinzi Dar es Salaam. Jingine lilikuwa na binti aliyeajiriwa katika zahanati. Kwetu kulikuwa na mimi. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, kila mtu anajua, lakini mwisho wa mwezi ulifika hata wingu lisipofika. Nilinunua mahindi ya boma na pumba za mitamba michache ambayo kaka yangu aliichagua kwa jicho la mchungaji: hawa tuwalishe, wale tuwaache. Mitamba hiyo ndiyo mama wa ng'ombe tulio nao leo.

Tangu hapo mimi na kaka tuna makubaliano ambayo hayajaandikwa popote. Yeye anachunga wanyama wangu pamoja na wake, anajua kila mmoja ametoka tumbo gani, anajua alalili ipi, yaani malisho ya akiba, ifunguliwe lini. Mimi ninalipia dawa ya kuogesha, chanjo ya ndigana kali (ugonjwa unaoletwa na kupe) na mahindi ya miezi mibaya. Watu wakiniuliza kama niliacha ufugaji niliposoma, huwaambia kwamba mimi ni sehemu ya ufugaji wa boma letu kama lambo lilivyo sehemu yake. Ninawaeleza hivyo na wazazi wanaosita kumpeleka mtoto shule wakiogopa kumpoteza. Hapo zamani mzee alipolazimishwa kutoa mtoto wa shule alitoa yule asiyemtegemea kwa mifugo. Leo ninamshauri afikirie upya: mtoto wa shule anaweza kuwa ndiye atakayewalisha ng'ombe mwaka ambao mchungaji hodari hana majani ya kuwaonyesha.

Vijana wa lindoni wanastahili kuzungumzwa kwa heshima. Katika miji ya Arusha, Dar es Salaam na Unguja, Mmasai anaonekana getini usiku na rungu lake, au barabarani akiuza dawa za miti na katambuga, au saluni akisuka nywele. Wengi huwatazama kama pambo la mji. Ukweli ni kwamba vijana wale ni ghala la mahindi la vijiji vyao. Zamani hela yao ilikuja na kondakta wa basi au na ndugu anayerudi, na mara nyingine haikufika. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mlinzi aliyelipwa Kariakoo asubuhi aliweza kumfikishia mama yake hela ya gunia kabla ya jua kuzama. Katika ukame ule tulikuwa na vilima vyetu vya kutafutia mtandao, na kina mama walikesha huko wakisubiri ujumbe.

Lakini kipato hicho kina gharama zake, na zitajwe. Kijana analala barazani, anaugua peke yake, na wapo waliouawa na majambazi wakilinda mali za watu. Bomani nako uchungaji unaachiwa watoto, na mtoto anayechunga siku nzima hasomi. Msichana ndiye wa kwanza kutolewa darasani. Nimewaona wakiondoka darasani kwangu mwezi wa Agosti na wasirudi. Kwa hiyo boma linalopeleka vijana mjini lazima lijiulize nani atachukua fimbo. Maboma yenye busara yanaunganisha mifugo ya ndugu watatu au wanne chini ya wachungaji wachache wakubwa, wanawalipa, na watoto wanabaki shule. Kulipa mchungaji hakukuwa desturi yetu sana, lakini ni gharama ndogo kuliko mtoto asiyejua kusoma.

Kisha kuna Mererani. Madini ya Tanzanite yaligunduliwa huko mwaka 1967, ndani ya Simanjiro yetu, na hayapatikani kibiashara mahali pengine popote duniani. Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji mdogo wa Simanjiro, alipata mawe mawili makubwa kuliko yote yaliyokuwa yamewahi kupatikana, moja la kilo 9 na zaidi, la pili la kilo 5 na zaidi, na serikali ikayanunua kwa shilingi zaidi ya bilioni 7.7. Nchi nzima ilifurahi, na sisi zaidi. Ila mwalimu huona pia upande wa pili. Baada ya habari ile vijana wengi walitaka kuwa wanaapolo, yaani wachimbaji wa mashimoni, wakaingia mashimoni bila mkataba wala mshahara, kwa ahadi ya mgawo siku jiwe litakapotoka. Mgodi unaweza kumtajirisha mtu mmoja, lakini boma haliwezi kupanga maisha juu yake. Wanaopata kipato cha kila siku Mererani ni mama anayepika ugali na nyama kwa wachimbaji, mwenye bodaboda, muuza maji na fundi wa pampu. Kijana akiniuliza, namwelekeza kwa hao kwanza.

Hela ikipatikana, swali linalofuata ni nani anaishika. Hapa ninasema kama mtoto wa yeyo. Katika desturi yetu maziwa ni ya mwanamke, ng'ombe ni wa mwanamume, na biashara ndogo ikikua ikafika thamani ya ng'ombe, mara nyingi inahamia kwa mume. Nimeona genge la mama likigeuka mbuzi wa baba, na mbuzi wakigeuka mahari ya kaka. Kilichobadilisha mambo kijijini kwetu ni VICOBA, benki za kijamii za vijijini. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa kina mama wa ukanda mkavu kama wetu, ukaja Zanzibar na bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kina mama 20 au 30 wanakutana kila juma chini ya mti. Wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana hadi mara 3 ya hisa zao. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna mume anayeweza kumwamuru mkewe alifungue.

Ukikaa kwenye mikutano ile utaelewa kwa nini inafanya kazi. Hela iliyo sandukuni imetoka mkononi mwa mama bila ugomvi, maana akiombwa nyumbani anajibu kwa kweli kwamba iko kikundini. Kwa mkopo wake mama hanunui tena sukari ya kuwauzia wafugaji wenzake peke yao. Anaongeza vitenge, anapeleka kuku Mererani na shanga Arusha, wateja wake wanazidi mipaka ya kata, na ukame wa kata haummalizi. Wilayani Ngorongoro, Baraza la Wanawake wa Kifugaji, lililoanzishwa mwaka 1997, lilikwenda mbele zaidi na kuanzisha maboma ambamo wanawake, wajane wakiwemo, wanamiliki mifugo kwa pamoja. Mjane mwenye ng'ombe kwa jina lake haombi ruhusa ya kumsomesha binti. Ningetamani kila kata ya wafugaji iwe na boma la namna hiyo.

Baada ya mvua na mshika hela, kipimo cha tatu cha kazi ya pili ni majani yenyewe. Kazi ya pili inayokula malisho inaua kazi ya kwanza. Mkaa ni mfano wa wazi: anayekata mgunga leo anapata magunia machache, na mbuzi wake wanakosa maganda ya mgunga kila kiangazi kitakachokuja. Kilimo nacho kina mpaka wake. Baba alilima ekari chache karibu na boma na hakumfungia mtu njia. Waliokuja baadaye, wengine wa kwetu, wengine wageni waliokodishiwa ardhi na viongozi wa vijiji, walilima katikati ya mbuga ya majani mafupi ambako ng'ombe hula wakati wa mvua, na ambako nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Tarangire huja kuzaa. Njia za mifugo zikakatika. Tembo wakageukia mahindi. Ugomvi ukawa wa kila msimu.

Kijiji cha Terrat kilichagua njia nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 kilikubaliana na kampuni kadhaa za utalii kwamba eneo la mbuga lisilimwe wala kukatwa mkaa, ufugaji uendelee kama kawaida, na kijiji kilipwe kila mwaka. Fedha hazikuwa nyingi, lakini ziliingia mvua ikinyesha au isiponyesha, na majani yakabaki. Vijiji vingine vimetumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kupata hati za kimila za pamoja kwa ajili ya malisho, na sasa mzee hahitaji kulima ili aonekane ana ardhi. Hati imefanya kazi ambayo jembe la baba lilikuwa likifanya. Siku hizi wanakuja pia watu wa biashara ya kaboni na mikataba ya miongo kadhaa. Ushauri wangu kwa vijiji ni mmoja: mkataba usomwe kwa Kimasai na kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, kina mama wakiwepo, na kipengele chochote kinachogusa uhuru wa kuhama na mifugo kijadiliwe kabla ya sahihi. Kuhama ndiko kulikotuweka hai katika nchi hii kabla ya pesa yoyote.

Ndani ya zizi nako kuna namna ya kujitanua. Baada ya 2009 kaka aliongeza mbuzi. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, huzaa pacha mara kwa mara, hula vichaka ng'ombe asivyovigusa, na mtu aliyepoteza vyote huanza upya kwa mbuzi. Jirani zetu wa Longido wameingiza ngamia, wakijifunza kutoka kaskazini mwa Kenya, ambako kina mama wa Isiolo husafirisha maziwa ya ngamia kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Ngamia huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe ameshakauka. Na chanjo ya ndigana kali, ambayo ndama hupewa mara moja maishani na kuvishwa hereni sikioni, imetuokolea ndama wengi kuliko mradi wowote niliowahi kuuona. Mnunuzi akiiona hereni ile anaongeza bei. Gharama yake ni ndogo, na hulipwa vizuri na mshahara au hisa za VICOBA, kabla ya ugonjwa, mkono ukiwa na hela.

Kaskazini mwa Kenya wamejaribu pia bima. Januari 2010 ilianza Marsabit bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho: majani yakipungua chini ya kiwango, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Ni wazo zuri na linafaa kuletwa kwetu kwa uangalifu. Lakini kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana huko misimu 5 mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa upande wa Kenya peke yake. Ukame wa namna hiyo hauzuiwi na dawa moja. Unahitaji boma lenye mkono mmoja zizini, mmoja mjini, mmoja sandukuni, na majani yaliyolindwa kisheria.

Serikali iliwahi kutufuta machozi. Baada ya 2009 ilitoa mifugo kwa kaya za Longido, Monduli na Ngorongoro zilizopoteza kila kitu, na waliopokea hawajasahau. Hata hivyo, ninawaomba wanaopanga mambo yetu, halmashauri na mashirika, watusaidie kabla ya machozi. Wajenge mabweni ili mtoto wa mchungaji asikatishwe masomo na kiangazi. Wasambaze chanjo mwezi wa majani, ng'ombe wakiwa na nguvu. Wafundishe vijana ufundi unaolipwa mjini, ili lindo lisiwe mlango pekee. Wapime malisho na kuyapa hati. Na waache kutuambia tupunguze mifugo bila kutuonyesha tutakula nini siku ya kupunguza.

Kwa wenzangu wafugaji nina maswali matatu ya kuulizana kabla ya kuanza kazi yoyote ya pili. Mvua ikikosekana, kazi hii itabaki? Inakula majani ya ng'ombe wetu? Hela yake itashikwa na nani? Kazi ikijibu vizuri maswali hayo, ianzeni mwaka huu, mkiwa bado mna mifugo. Anayeanza baada ya ng'ombe kufa anaanza akiwa hana mtaji, hana muda na hana wa kumkopesha. Wahesabuni kina mama wa bomani kwenu kama wafanyabiashara, kwa sababu ndivyo walivyo, na muwaulize wao kwanza. Wanajua bei ya debe la mahindi kila mwezi wa mwaka, na wamekuwa wakiwaokoa ng'ombe wenu muda wote huu.